Mpishi Asiyemeza

Mawe ya moto yamekwisha kuondolewa juu ya majani ya migomba, na mvuke unatapakaa mpaka barabarani. Wateja watatu wamesimama mbele ya meza ya Leitangi Kalfau, na hakuna hata mmoja anayetazama chakula. Wanatazama koo lake.

Leitangi anakata pembe ya laplap, ule mkate mzito wa magimbi yaliyokunwa na kumiminiwa tui, na kuitia kinywani. Anatafuna bila haraka. Kisha anameza, na kidevu chake, ambacho kwa jinsi mgongo ulivyopinda hakiko mbali na kifua, anakiinua kwa nguvu ili kila mwenye macho aone kitu kinashuka.

"Fungua mdomo," anasema Wilma, mama mpana mwenye kapu begani.

"Wilma, mimi si mtoto wa chekechea."

"Fungua tu, mama. Asiye na kitu haogopi kukaguliwa."

Leitangi anafungua. Wilma anachungulia kama anayetafuta jino bovu, anatoa hela, anachukua vipande viwili na kuondoka bila kuaga. Wale wawili waliobaki wanatazamana, halafu mmoja anasema na yeye atachukua kimoja, lakini kile kilichokatwa karibu na palipoumwa.

Hapa Tanarovi, kaskazini mwa kisiwa cha Efate nchini Vanuatu, mpishi anayeuza chakula ndiye huuma kwanza. Hakuna anayekumbuka desturi hiyo ilianzia kwa nani, ila kila mtu anajua imewekwa kwa sababu gani. Watu wa huku wanaogopa sumu kuliko wanavyoogopa kimbunga. Kimbunga hutangazwa redioni kabla hakijafika, lakini sumu huletwa na ndugu yako kwenye jani, na tabasamu juu yake.

Na Leitangi, mwanamke wa miaka arobaini na minane ambaye amepika laplap kando ya barabara hii karibu nusu ya maisha yake, alionekana mwaka jana akiuma pembe, akitafuna, akicheka na wateja, kisha akienda nyuma ya kibanda kutema.

Aliyemwona ni Wilma. Kwa hiyo kufikia mchana kijiji kizima kilikuwa kimemwona.

"Nilijua siku hiyo biashara imekufa," anasema Leitangi, akipangusa meza ambayo tayari ni safi. "Mpishi asiyemeza, nani atanunua kwake? Hata mimi nisingenunua."

Siku njema alikuwa akimaliza majani mawili makubwa ya laplap kabla ya saa sita, na vatu, fedha za huku, alizopata zilitosha sabuni, mafuta ya taa na ada ya watoto wa kaka yake. Baada ya habari ile, majani yalikuwa yakirudi nyumbani mazima. Nguruwe wa jirani wakanenepa.

Lakini kwa nini alitema? Hilo ndilo watu wa Tanarovi waliloshindwa kumuuliza usoni, na yeye hakuwaambia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na Leitangi alificha kwa sababu alikuwa na shuku zake mwenyewe. Wakati kijiji kinamshuku yeye, yeye alikuwa anamshuku mtu mmoja tu, mtu aliyekuwa akimpikia kila jioni.

Kibyongo cha Leitangi si cha kuzaliwa. Akiwa msichana mdogo alipata kifua kikuu cha uti wa mgongo. Vidonge viliua ugonjwa, lakini pingili za katikati ya mgongo zilikuwa zimekwisha kusagika na kuanguka mbele, na mgongo ukakunjika pale pale. Hakuolewa. Kaka yake, Kalmatak, alimjengea chumba uani kwake, na mke wa Kalmatak, Elsina, mwanamke wa kisiwa cha Emae, akawa ndiye mwenye sufuria ya nyumba.

Kwa miaka mingi mawifi hao walikuwa mfano. Walikuna magimbi pamoja na kutaniana wao kwa wao kwa upendo. Elsina alimwita "wifi yangu mfupi," na Leitangi alimjibu, "Mfupi ndiyo, lakini sinyweshi watu mchuzi wa maji ya kunawia." Waliosikia walicheka.

Kisha Elsina akasema neno moja kuhusu kibanda.

"Alisema angependa kuuza maandazi pale barabarani," anakumbuka Leitangi. "Alisema tu hivyo, tukiwa tunafua. 'Wifi, pale pako pazuri, siku ukichoka nipishe.' Mimi nikacheka. Lakini lile neno 'ukichoka' lilikaa hapa." Anagusa sikio.

Haikupita miezi mingi, tumbo likaanza.

Maumivu yalikuja baada ya chakula. Alikuwa akimaliza kula, anakaa kidogo, na kabla watu hawajamaliza mazungumzo ya mezani anasikia kitu kama mkono unamkamata chini ya chembe cha moyo na kuminya. Akila kidogo, kinaminya kidogo. Akishiba, anapiga magoti, anaweka viwiko chini na kuinamisha kifua sakafuni mpaka mkono ule uachie. Alijifunza kufanya hivyo chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Watoto wa kaka yake walipomchungulia walidhani shangazi anasali sana.

Asubuhi alikula kidogo peke yake kibandani, hakupata maumivu. Jioni alikula sahani ya Elsina, akapiga magoti. Jumapili, siku ya kuku na viazi vikuu na sahani kujaa, ndipo alipokuwa anaona kaburi lake.

Mtu mwingine angesema: Jumapili nakula zaidi. Leitangi alisema: Jumapili wifi anapika yeye mwenyewe tangu mwanzo, wala hataki nimsaidie.

"Kikulacho ki nguoni mwako," anasema, na hata sasa anapunguza sauti. "Nilianza kumtazama mikono. Akienda kwenye chumvi, natazama. Akigeuka, nauliza amegeukia nini. Siku moja alinipakulia kwanza kabla ya mume wake. Nikajiuliza, tangu lini?"

Akaanza kukataa chakula. Kwanza alisema ameshiba. Halafu akasema anafunga. Halafu hakusema kitu, akaisukuma sahani. Tanarovi, kusukuma sahani ya mtu ni kumwambia unajua alichotia ndani. Hakuna tafsiri nyingine. Unaweza kumtukana mwanamke mama yake na mkapatana jioni, lakini sahani ukiisukuma, umemwita muuaji.

Elsina hakuwa mtu wa kumezea.

"Wifi, leo ya tatu," alimwambia mbele ya watoto. "Sema. Nimekuwekea nini?"

"Mimi sijasema umeniwekea kitu."

"Sahani imesema."

Leitangi alikuwa amekonda mpaka gauni la kanisani linamzunguka. Alikuwa anaogopa chakula chochote sasa, hata cha mikono yake. Ndiyo maana alitema nyuma ya kibanda. Aliogopa kuanguka mbele ya wateja akipiga magoti kama mwenye mashetani. Lakini ni nani angemwamini? Kijiji kiliweka mawili pamoja: hali cha wifi yake, na hali chake mwenyewe. Wengine wakasema Elsina anamlisha kitu. Wengine wakasema la, Leitangi ndiye mwenye dawa, na dawa yake ina mwiko wa chakula, mtu hakondi hivyo bure. Lisemwalo lipo, walisema, kama halipo laja. Watu wale wale waliokuwa wakisema hivi asubuhi walisema vile jioni, na hawakuona haya.

Elsina akapeleka malalamiko kwa Chifu Masongo, na chifu akaita watu kwenye farea, nyumba ya baraza. Hukumu yake ilikuwa ya kale na nyepesi: mawifi wale jani moja, mbele ya watu wote. Elsina apike.

Alipika kuku kwa tui na magimbi, jungu lake likiwa wazi, wanawake wawili waliotumwa na chifu wakimsimamia. Likaletwa jani moja.

"Haya, wifi," alisema Elsina. "Chagua upande."

Leitangi alichagua upande, kisha akabadilisha. Watu wakaguna. Akala. Na kwa kuwa hakutaka mtu aseme ameonja tu kwa hila, alikula kama hajala mwaka, akaacha makombo tu. Elsina alikula upande wake bila kuinua macho. Chifu akaanza kuzungumza juu ya undugu. Alizungumza vizuri, kwa maana Chifu Masongo anapenda kujisikiliza, na alikuwa bado kwenye undugu wa mababu Leitangi alipoteremka taratibu kutoka kwenye mkeka, akapiga magoti, akaweka viwiko chini na kuanza kuugua.

"Sasa si mmeona!" alipiga kelele Wilma.

Farea ikasimama yote. Kalmatak alimtazama dada yake chini na mke wake aliyekaa. Elsina alivuta jani karibu, akakusanya kila kilichosalia, upande wake na upande wa wifi yake, akakila chote, akameza, akafungua mdomo wake wazi kuwaonyesha.

"Mchawi halogwi na dawa yake," mtu alisema kutoka nyuma.

Na Kalmatak, mbele ya watu, akamwambia mke wake: "Rudi kwenu kwanza."

Elsina alipanda mashua ya Emae siku mbili baadaye na kifurushi kimoja. Watoto walibaki. Leitangi anakiri kwamba, akiwa amelala chumbani kwake, alipousikia mlango wa uani ukifungwa alisikia raha. "Nilisema, sasa nitapona. Nisikufiche. Nilisema hivyo na nikalala usingizi."

Hakupona. Elsina hayupo, sufuria iko mikononi mwa Kalmatak, ambaye anapika wali uliochanganyika na mawe, na tumbo linaminya vile vile. Leitangi akashuku mchele. Akashuku maji. Kwa siku mbili alimshuku Kalmatak.

Aliyekata uzi huo ni nesi wa zahanati, Touria, kijana mwenye maneno machache ambaye alikuwa farea siku ile na alitazama jambo ambalo wengine hawakulitazama. Watu wote walikuwa wakitazama nani amempa chakula. Yeye alikuwa akitazama namna alivyopiga magoti.

"Mtu wa sumu hutapika, huharisha, hujikunja upande," anasema Touria. "Huyu mama alikwenda moja kwa moja kwenye viwiko na magoti, kama mtu anayejua njia. Na maumivu yalimwachia pale pale. Nikasema, hiki si kitu alichokula. Hiki ni jinsi alivyokaa."

Alimlaza, akaweka kifaa cha kusikilizia moyo juu ya tumbo, chini tu ya kifua. Akasikia mlio. Ulikuwa kama wa mtu anayevuta hewa kwa meno, ukija na kila pigo la moyo.

"Una nini humo?" aliuliza.

"Wewe ndiye nesi," alijibu Leitangi.

Alimpeleka Port Vila hospitali. Leitangi alikwenda kwa shingo upande. Alipoona mashine ya picha za tumbo alimuuliza daktari, mwanamke mwenye miwani, kama mashine hiyo inaonyesha sumu. Daktari akasema haionyeshi. "Basi itanisaidia nini?" akauliza Leitangi.

Daktari alimpaka mafuta ya baridi na kumwambia avute pumzi aishikilie. Kwenye kioo, mshipa ulionekana mpana, damu ikipita. Akamwambia aitoe pumzi yote. Mshipa ukabanwa, na damu ikawa inajipenyeza kwa kasi mahali pembamba.

"Vuta tena," alisema daktari. Ukafunguka. "Toa." Ukabanwa.

"Nani anaubana?" aliuliza Leitangi, na hilo "nani" linamchekesha sasa.

Daktari alimweleza. Kutoka moyoni unashuka mshipa mkubwa mbele ya uti wa mgongo, na chini tu ya msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo kuna tawi linalolisha tumbo, ini na wengu. Msuli ule una ukano mgumu unaopita juu ya tawi hilo. Kwa watu wengi haugusi, au unagusa kidogo. Lakini mgongo wa Leitangi umekunjika, na kadiri umri unavyokwenda unazidi kukunjika. Mbavu zimeshuka karibu na nyonga, kila kitu ndani kimesongamana, na ukano umelala juu ya mshipa kama mtu aliyekanyaga mpira wa maji. Tumbo likiwa tupu linavumilia. Likijaa, linataka damu nyingi ya kusagia chakula, na damu haiji. Hapo ndipo linapolia. Kuinama kwa viwiko na magoti kunauondolea mshipa uzito.

"Na Jumapili?" aliuliza Leitangi.

"Jumapili kuna nini?"

"Jumapili huwa nakula sana."

Daktari akasema, "Basi ndiyo hiyo."

Leitangi anasema alilia pale kitandani, mafuta yakiwa bado tumboni, na daktari alidhani analilia ugonjwa.

Si kwamba shuku zilimwisha siku hiyo. Mtu aliyezoea kushuku haachi kwa picha moja. Alirudi Tanarovi akijiuliza kwa nini madaktari wanataka kumpasua upesi hivyo. Wamesema kwamba madaktari wageni wanaokuja mara moja kwa mwaka wanaweza kuukata ukano na kuufungua mshipa, lakini mapafu yake nayo yamebanwa na mgongo, kwa hiyo dawa ya usingizi ni hatari kwake, na hakuna anayemwahidi kwamba maumivu yataisha yote. Leitangi anasema daktari asiyeahidi kitu ndiye wa kuaminika. Kwa sasa anakula mara nyingi, kidogo kidogo, mboga laini na viazi vilivyopondwa, na mbele ya wateja anameza kipande kidogo kuliko kidole. Ameanza kurudisha mwili.

Kijiji nacho kimepokea habari kwa namna yake. Chifu Masongo anasema alijua tangu mwanzo kuwa si sumu. Wilma anasema mashine za hospitali huonyesha kile wenye mashine wanachotaka. "Mshipa umebanwa, sawa," anasema, akihamisha kapu bega la pili. "Na nani kaubana mwaka ule ule Elsina alipotaka kibanda? Nauliza tu."

Kalmatak amepiga simu Emae mara kadhaa, na mke wake anazungumza na watoto tu.

Leitangi alimpigia pia. Anasema alimwambia yote, ukano na mshipa na Jumapili, akamwomba radhi na kumwomba arudi. Elsina alisikiliza mpaka mwisho.

"Wifi," alimjibu, "hiyo picha nimeiona mimi? Wameiona watu wa Tanarovi? Nikirudi, nikikupikia, tumbo likiuma tena, watasema nini? Mtanifukuza mara ngapi?"

Leitangi amekaa na swali hilo tangu wakati huo, na sasa anasema amelipatia jibu, ingawa daktari akilisikia atakasirika.

Atapanda mashua kwenda Emae kabla madaktari wageni hawajaja, kwa sababu hajui kama ataamka kwenye meza yao. Atakaa mezani kwa Elsina, mbele ya mama yake na dada zake na yeyote anayetaka kuja, na atamwomba ampakulie sahani iliyojaa. Ataila yote. Atasubiri. Na maumivu yatakapomteremsha kwenye viwiko na magoti, kama yatakavyomteremsha, atawaambia wote kwa sauti, akiwa pale pale chini, kwamba haya ndiyo yaliyomtokea farea, kwamba yanatoka mgongoni mwake, na kwamba alimsingizia mwanamke huyu. Kisha akirudi naye Tanarovi atafanya hivyo hivyo kwa mara ya pili, Wilma akiwa mstari wa mbele.

"Chakula chake ndicho nilichokitukana," anasema. "Siwezi kumwomba radhi kwa mdomo mtupu."

Je, sasa hamshuku tena hata kidogo? Leitangi anaegemea meza na kutazama barabara.

"Mchana simshuku," anasema.

Mwandishi wa makala haya alimpigia Elsina simu na kumweleza mpango huo neno kwa neno. Nyuma ya sauti yake ilisikika mbuzi ya kukunia nazi ikikwaruza, ikasimama, ikaanza tena. Ikabidi aulizwe kama bado yuko.

"Nipo," alisema Elsina. "Mwambie aje. Lakini aje na njaa."